Kompyuta ya chama ikigoma kuwaka, mpangilio wa diski ukaguliwe kabla ya ‘kupiga Windows’

Na Mwandishi Wetu, Bukoba

DAFTARI la mapokezi ya kahawa ni miongoni mwa mali muhimu za chama cha msingi, iwe Bukoba au Muleba. Ndani yake mmeandikwa nani alileta kilo ngapi za maganda, siku gani, amelipwa kiasi gani na bado anadai nini. Tangu Bukoba Native Co-operative Union iliposajiliwa mwaka 1950 hadi kufikia KCU ya leo, ushirika wa kahawa umesimama juu ya maandishi hayo.

Pale ambapo daftari limehamishiwa kwenye kompyuta ya mpakato, mali hiyo yote hukaa ndani ya diski moja. Ndiyo maana kauli ya fundi kwamba “hii inabidi ipigwe Windows upya” haipaswi kupokewa kirahisi. Fundi akifuta diski na kuweka Windows mpya bila kuhamisha kwanza mafaili, daftari limekwenda.

Habari njema ni kwamba mashine kugoma kuwaka si lazima diski iwe imekufa, wala si lazima Windows iwe imeharibika. Wakati mwingine kilichobadilika ni mpangilio mmoja tu unaoamua jinsi mashine inavyozungumza na diski yake. Mpangilio huo unaweza kurudishwa, au hata kubadilishwa kwa makusudi, bila kufuta mstari mmoja wa kumbukumbu.

Hasara inayohesabika

Chukua mfano wa chama chenye wanachama 400, kila mmoja akiwa amepeleka kahawa mara 6 katika msimu. Hiyo ni mistari 2,400 ya mapokezi. Ikiwa kuandika upya mstari mmoja kutoka kwenye stakabadhi kunachukua dakika 2, kazi nzima ni dakika 4,800, yaani saa 80. Karani anayefanya kazi saa 8 kwa siku atahitaji siku 10 kamili, na hapo ni kama nakala za stakabadhi zote zimepatikana na hazijaloa.

Kwa mkulima hasara ni kubwa zaidi. Kumbukumbu ya kilo alizopeleka ndiyo ushahidi wake anapodai malipo, na kumbukumbu ya misimu iliyopita humsaidia kuonyesha uwezo wake anapoomba mkopo. Asiye na ushahidi wa mavuno yake husogea karibu na mlango wa butura, ambako kahawa huuzwa ingali maua mtini kwa bei ya kutupa.

Mfanyabiashara wa pembejeo wa Kashai au Nshamba naye hayuko salama. Orodha ya wateja waliokopa mbolea ikifutika, deni hubaki midomoni. Aidha, sheria ya usimamizi wa kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi kutunza kumbukumbu zake kwa miaka mitano.

Kisa cha Windows kutoiona diski

Kati ya diski na Windows kuna kidhibiti cha diski, ambacho kinaweza kuwekwa katika hali mojawapo ya tatu. Hali ya kwanza ni IDE, ambayo ni ya zamani na ilitumika sana enzi za Windows XP. Ya pili ni AHCI, ambayo vipimo vyake vilitolewa mwaka 2004 chini ya uongozi wa kampuni ya Intel. Ya tatu ni RAID, inayotumika pia na teknolojia ya Intel iitwayo RST. Mashine nyingi za Dell, kwa mfano, hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa RAID, ingawa ndani zina diski moja tu.

Windows inapowekwa kwa mara ya kwanza, huzoea hali iliyoikuta. Kila asubuhi inapoamka huchukua programu ya kuendeshea kidhibiti cha hali hiyo na kuziacha nyingine zimelala. Hali ikibadilishwa ghafla, Windows inakuwa kama karani aliyefika ghalani na ufunguo wa kufuli la jana: mali ipo ndani, lakini mlango haufunguki. Matokeo yake ni skrini ya bluu yenye maneno INACCESSIBLE BOOT DEVICE, au namba 0x0000007B kwa wanaotumia Windows 7.

Hali hiyo hubadilikaje bila mtu kukusudia? Sababu moja ni kibetri cha duara kama sarafu kilichomo ndani ya mashine, mara nyingi aina ya CR2032 ya volti 3. Katika mashine nyingi za zamani, kibetri hicho ndicho kinachotunza saa na mipangilio ya BIOS, yaani programu ya awali inayoamka kabla ya Windows. Mashine ikikaa miezi bila umeme kati ya msimu na msimu, kibetri kikaisha, mipangilio hurudi ilivyotoka kiwandani. Dalili yake ni saa ya kompyuta kurudi nyuma miaka kadhaa. Sababu nyingine ni mtu kuingia BIOS na kuchagua kurejesha mipangilio ya kiwandani, au fundi kubadilisha ubao mkuu wa mashine.

Kwanza, rudisha ilivyokuwa

Hatua ya kwanza ni kuingia BIOS. Mashine ikiwashwa tu, bonyeza mara kwa mara F2 kwa Dell, F10 kwa HP, au F1 kwa Lenovo za aina ya ThinkPad. Angalia kama jina la diski linaonekana. Likionekana, diski inasomeka na kuna matumaini. Lisipoonekana kabisa, au diski ikiwa inagongagonga, hilo ni tatizo jingine, na mashine izimwe ili isizidi kuumia.

Kisha tafuta ukurasa wenye maneno “SATA Operation”, “SATA Mode” au “Controller Mode”. Piga picha ukurasa huo kwa simu kabla ya kugusa chochote. Ikiwa hali ni RAID, jaribu AHCI. Ikiwa ni AHCI, jaribu RAID, au IDE kwa mashine ya zamani. Hifadhi, kisha washa upya. Windows ikiamka kama kawaida, tatizo limekwisha. Kinachobaki ni kununua kibetri kipya na kurekebisha saa.

Katika mashine yenye diski moja, kujaribu hivi hakufuti data, kwa sharti kwamba mtumiaji hakubali ombi lolote la kuunda au kuandaa diski upya. Vilevile Windows ikishindwa kuamka mara kadhaa huleta ukurasa wa kujitengeneza wenye chaguo la “Reset this PC”. Lisiguswe, kwani ndani yake kuna njia ya kufuta kila kitu.

Kwa anayetaka kubadili kwa makusudi

Wapo wanaohitaji kubadili hali hiyo wenyewe. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za mitumba hazikidhi masharti ya Windows 11. Baadhi ya wenye mashine hizo huamua kuweka mfumo wa Ubuntu, ambao ni wa bure, kando ya Windows iliyopo. Anayejaribu hivyo kwenye mashine yenye RST anaweza kusimamishwa njiani na kuambiwa aizime kwanza. Akienda BIOS na kuweka AHCI moja kwa moja, Windows yake hugoma.

Kwa Windows 8, 10 na 11, njia inayofaa ni kuiamsha Windows katika hali salama, ambamo hujitafutia upya programu ya kidhibiti. Hatua zake ni hizi:

1. Nakili mafaili yote muhimu kwenye fleshi au diski ya nje, kisha yafungue kwenye kompyuta nyingine kuhakikisha yanasomeka.

2. Katika sehemu ya kutafutia ya Windows andika msconfig. Fungua ukurasa wa “Boot”, weka alama kwenye “Safe boot”, acha “Minimal” ilivyo, kubali, kisha chagua kuwasha upya.

3. Mashine inapowaka, ingia BIOS, badili RAID kuwa AHCI na hifadhi. Kwenye mashine zenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 11 na kuendelea, mpangilio huo unaweza kuonekana kwa jina la VMD, ambayo huzimwa.

4. Acha Windows iamke katika hali salama. Skrini itakuwa nyeusi na yenye maandishi pembeni. Hiyo ni kawaida.

5. Rudi msconfig, ondoa ile alama ya “Safe boot”, na washa upya. Windows itaamka kawaida ikiwa katika AHCI, na programu na mafaili yake yote yakiwa mahali pake.

Ikigoma katika hatua ya nne, rudisha BIOS ilivyokuwa kwenye picha. Mashine hurudi kwenye hali yake ya zamani na hakuna kilichopotea.

Mitego ya kuepuka

Mtego mkubwa ni ulinzi wa BitLocker. Mashine nyingi za Windows 10 na 11 hufunga diski kwa siri, wakati mwingine mwenyewe hajui. BIOS ikibadilishwa, mashine inaweza kudai namba ya ufunguo yenye tarakimu 48. Mara nyingi namba hiyo huwa imetunzwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuandaa mashine. Kama kompyuta ni ya mtumba na akaunti ni ya mmiliki wa zamani, au ni ya karani aliyeacha kazi, hakuna fundi wa kufungua diski hiyo. Namba iandikwe kwenye karatasi kabla ya kugusa BIOS.

Pili, katika hali salama namba fupi ya kuingilia inaweza isikubaliwe. Nywila kamili ijulikane mapema. Tatu, mashine yenye diski mbili zilizounganishwa kwa RAID ya kweli isibadilishwe kwa njia hii, kwa sababu muungano huo huvunjika na data hutawanyika. Nne, Windows 7 huhitaji marekebisho katika rejista yake kabla ya BIOS kuguswa, na hiyo ni kazi ya fundi anayejua anachofanya.

Mgomba mmoja, si kibanja kizima

Wakulima wa Kagera wanalijua somo hili kwa njia nyingine. Mnyauko wa bakteria wa migomba uliporipotiwa mkoani mwaka 2006, ushauri wa mwanzo ulikuwa kung’oa shina zima pamoja na machipukizi yake. Baadaye utafiti ulionyesha kwamba kukata mapema mgomba unaoumwa peke yake, na kurudia ukaguzi mara kwa mara, kunaweza kuuzuia ugonjwa na kuokoa migomba mingine. Kupiga Windows upya kwa sababu ya mpangilio mmoja wa BIOS ni kung’oa shina zima.

Hii haina maana kwamba mafundi wa Bukoba mjini au Muleba ni wa kuogopwa. Kuweka Windows mpya ni kazi inayotabirika na mteja huondoka na mashine inayowaka, hivyo fundi mwenye foleni huikimbilia. Jukumu la mteja ni kumweleza kwamba kinachomleta ni kumbukumbu zilizomo, na kuuliza maswali matatu: Je, diski inaonekana kwenye BIOS? Hali ya kidhibiti ni ipi, na imejaribiwa nyingine? Kama ni lazima kufuta, mafaili yamenakiliwa wapi?

Kwa vyama vya msingi, bodi inaweza kuliweka jambo hili kwenye muhtasari wa kikao kabla msimu haujaanza: kompyuta ya chama isifutwe bila idhini ya maandishi; nakala ya leja itolewe kila wiki kwenye fleshi mbili, moja ikae ofisini na nyingine kwa mweka hazina; picha ya ukurasa wa BIOS na ufunguo wa BitLocker vitunzwe kwenye jalada moja na hati za chama. Gharama yake ni fleshi mbili na karatasi moja.