Umeme wa Jua Nyumbani: Jinsi ya Kumchagua Fundi

Ingawa umeme wa gridi umekwisha fika katika karibu vijiji vyote vya Tanzania Bara, bado viko vitongoji vingi ambako familia haina tegemeo jingine ila umeme wa jua. Katika vitongoji hivyo si ajabu kuona paneli juu ya bati, na chini ya bati hilo kibatari kinawaka. Paneli ni nzima na jua lipo, lakini umeme hakuna. Mwenye nyumba, aliyetumia fedha za mavuno ya msimu mzima, huamua kwamba umeme wa jua haufai. Aghalabu kilichokosekana hapo ni hesabu na matunzo, na mambo hayo mawili hutegemea fundi. Makala haya yanaeleza jinsi mwananchi asiye mtaalamu anavyoweza kumpima fundi kabla ya kumlipa.

Vyombo vya umri mbalimbali

Mtambo wa nyumbani una sehemu nne. Paneli hubadili mwanga kuwa umeme. Kidhibiti chaji huilinda betri isijazwe kupita kiasi wala kukaushwa mno. Betri huhifadhi umeme wa usiku. Inveta, pale inapohitajika, hubadili umeme wa betri uwe wa namna ile ya gridi.

Sehemu hizi hazizeeki pamoja. Paneli nzuri ya silikoni hudumu miaka 25 au zaidi. Kidhibiti na inveta huweza kufika miaka 10 hivi. Betri ya risasi na asidi, hata ikitunzwa vyema, hudumu kwa kawaida miaka 3 hadi 6. Ile ya lithiamu na fosfeti ya chuma huweza kufika miaka 10. Kwa hiyo anayefunga mtambo leo atanunua betri nyingine, pengine mara kadhaa, kabla paneli haijachakaa. Fundi anayemhitaji ni yule atakayepatikana siku hizo zitakapofika.

Fundi huanza kwa kuuliza

Fundi anayetaja bei kabla ya kuuliza matumizi ya nyumba hajui anachokiuza. Tuchukue mfano wa nyumba yenye taa 6 za wati 7 zinazowaka saa 5 kila usiku: hizo ni wati-saa 210. Televisheni ya wati 40 kwa saa 4 ni wati-saa 160. Redio ya wati 10 kwa saa 6 ni wati-saa 60. Simu za jamaa zikihitaji wati-saa 30, jumla ni wati-saa 460 kwa siku.

Umeme mwingine hupotea katika waya, betri na joto. Kwa hiyo fundi huzidisha kwa 1.4 hivi, akapata wati-saa 644. Katika miezi ya mawingu tukadirie kwamba jua la siku nzima ni sawa na saa 4 za jua kali. Ukigawanya 644 kwa 4 utapata wati 161. Hivyo paneli ya wati 200 itatosha.

Betri nayo yafaa iweze kuihudumia nyumba siku mbili za mawingu, yaani wati-saa 920. Betri ya risasi haipendi kukaushwa zaidi ya nusu. Hivyo inatakiwa yenye wati-saa 1,840, ambazo kwa volti 12 ni ampea-saa 150 hivi.

Sasa na aje fundi mwingine mwenye bei nafuu, aliyechukua betri ya ampea-saa 50. Betri hiyo ina wati-saa 600 tu. Usiku wa kwanza taa zitawaka na televisheni itaonyesha, na hakuna atakayeona tofauti. Lakini kila usiku betri itakaushwa zaidi ya robo tatu, na risasi iliyomo ndani itaharibika upesi. Hapa ndipo penye hatari yote: siku ya kufungwa, mtambo mbovu na mtambo mzuri hufanana. Kwa hiyo mtambo haupimwi kwa mwangaza wa siku ya kwanza. Mwambie fundi akuandikie hesabu yake, nawe uihifadhi.

Mambo yanayoonekana kwa macho

Lipo la pili, nalo ni waya. Mtambo wa volti 12 ukipeleka ampea 8 umbali wa mita 10 kwa waya wa shaba wa milimita mraba 1.5, karibu volti 2 hupotea njiani. Kwa waya wa milimita mraba 6, hupotea nusu volti tu. Fundi makini hupima umbali kwa futi kamba kabla ya kununua waya.

La tatu ni mahali. Kwetu, kusini mwa ikweta, paneli huelekezwa kaskazini na kuinamishwa kidogo ili mvua ioshe vumbi. Kivuli cha tawi moja tu huweza kupunguza sana umeme wa paneli nzima, kwa kuwa seli zake zimeungwa kwa mfululizo. Betri ya asidi hutoa gesi ya haidrojeni inapochajiwa, hivyo haiwekwi chumba cha kulala wala karibu na moto. Fyuzi hufungwa jirani na betri. Fundi asiyeweka fyuzi anaiweka nyumba katika hatari ya kuungua.

La nne ni maandishi ya vyombo. Paneli nyingi za silikoni zinazouzwa leo hutoa wati 180 hadi 230 kwa mita mraba moja ya jua kali. Paneli iliyoandikwa wati 200 lakini yenye ukubwa wa nusu mita mraba inasema uongo. Kadhalika, betri ya gari isikubaliwe. Bamba zake ni nyembamba, na imetengenezwa kuwasha injini kwa nguvu ya muda mfupi.

Leseni, hati na malipo

Nchini Tanzania leseni za kufunga mitambo ya umeme hutolewa na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA. Kumwomba fundi aonyeshe leseni na cheti cha mafunzo yake si kumvunjia heshima. Waulize pia watu aliowafungia miaka mitatu au minne iliyopita, maana hao ndio waliokwisha kuona betri ikizeeka. Wateja wa mwezi uliopita hawana bado la kusimulia.

Kabla ya kulipa, dai risiti yenye majina na namba za vyombo, hati ya udhamini ya kila chombo, mchoro wa waya, na maandishi yanayotaja nani atakuja, kwa muda gani na kwa gharama ya nani, hitilafu ikitokea. Mkubaliane kwamba sehemu ya malipo ibaki hadi mtambo umalize mwezi mmoja. Tena fundi amfundishe mtu wa nyumbani kufuta vumbi, kuongeza maji yaliyotoneshwa katika betri inayoyahitaji, na kusoma taa za kidhibiti. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mwisho, kila mwezi weka akiba kidogo kwa ajili ya betri ijayo. Betri ya shilingi 480,000 itakayodumu miaka 4 inahitaji akiba ya shilingi 10,000 kwa mwezi. Fundi anayekuambia hesabu hii mapema, ijapokuwa inaweza kumpotezea mteja, ndiye anayestahili kupewa kazi.