Gofri na Chuma Chake

Gofri ni mkate mtamu wa Ubelgiji, uokwao kati ya vibao viwili vya chuma vyenye vishimo. Chuma hicho ni ndugu wa kile cha kuokea hostia, nacho chatumika tangu Karne za Kati.

Gofri ya Bruxelles huanza kwa uji wa unga wenye hamira na ute wa mayai uliopigwa hata ukawa povu. Ikiiva ina pembe nne, nayo ni nyepesi sana. Ya Liège ni nyingine kabisa: kinyunga chake ni kizito, chenye siagi nyingi na punje kubwa za sukari, ambazo huyeyuka na kushika chuma kama gundi.

Hapo ndipo fedha ya nyumbani hupotea. Mama hununua chuma chembamba kwa kuwa bei yake ni ndogo. Kumbe chapoa mara kinyunga kikiwekwa, na gofri yatoka mbichi katikati. Afadhali chuma cha kusubu, kizito. Na kwa gofri ya Bruxelles, vishimo viwe na kina. Pasipo umeme, chuma cha mikono mirefu chatosha juu ya makaa (mimi nakipenda hicho, ingawa huchosha mkono). Kipashe moto pande zote mbili, ukipake mafuta, na kukigeuza upesi. Sukari iliyoganda usiikwangue kwa kisu: ifute kwa kitambaa chenye maji, chuma kingali na moto.