Penina Muhando na Usemi wa Mwanamke: Toka Kitabuni hata Uwanjani

Mtu atakaye kusoma habari za Penina Muhando hukutwa na tatizo kabla hajafungua kitabu. Katika orodha za maktaba yuko Muhando, mtungaji wa michezo ya kuigiza, ambaye vitabu vyake vya Kiswahili vilianza kutoka 1972; na yuko Mlama, mtaalamu wa sanaa za maonyesho, ambaye maandishi yake mengi ni ya Kiingereza. Wanafunzi wangu wawili, kwa nyakati mbalimbali, wamepata kuniletea insha zinazomlinganisha mmoja na mwenziwe kana kwamba ni watu wawili. Ni mtu mmoja. Jina la kwanza ni la kwao, la pili ni la ndoa. Naye mwenyewe ametia tungo zake chini ya lile la kwanza na uchunguzi wake, kwa sehemu kubwa, chini ya hili la pili.

Kosa la wanafunzi wale si la kuchekwa. Kwa hakika tofauti iko, wala si ya jina tu. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mwandishi huyu alivyotoka katika mchezo uliochapwa na kuuzwa dukani akaelekea katika mchezo usio na kitabu kabisa, na kwamba safari hiyo haieleweki vema bila ya kuangalia lugha. Nitasimama zaidi upande wa Usukuma, kwa sababu mbili. Moja ya kazi zake za mwanzo vijijini ilifanyika Malya, mahali palipo juu ya njia ya reli itokayo Shinyanga kwenda Mwanza. Na mambo aliyoyaandikia tangu ujana wake yangali moto hata leo katika mkoa wa Shinyanga na katika nchi ya dhahabu ya Geita.

Penina Muhando alizaliwa 1948 huko Berega, katika nchi ya Wakaguru, mkoa wa Morogoro. Kiswahili, basi, si lugha aliyonyonya kwa mamaye. Ni lugha aliyoichagua kwa kutungia, kama walivyofanya Watanzania wengi wa rika lake waliosoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam baada ya uhuru. Hapo chuoni ndipo alipofundisha sanaa za maonyesho muda mrefu wa maisha yake, akapata udaktari 1983 kwa uchunguzi wa maonyesho ya jadi ya Wakaguru na mafunzo yaliyomo ndani yake, akawa profesa, na baadaye mmoja wa wakuu wa chuo, mwenye dhamana ya taaluma. Vyeo hivyo navitaja upesi, maana vyeo havisomwi. Vitabu ndivyo visomwavyo.

Vitabu vyenyewe vilitoka kwa kasi ya kustaajabisha. *Hatia* kilitolewa Nairobi 1972. Kikafuata *Tambueni Haki Zetu* 1973, *Heshima Yangu* 1974, *Pambo* 1975, na *Talaka Si Mke Wangu* 1976. Mwaka huohuo wa 1976 yeye na Ndyanao Balisidya walitoa *Fasihi na Sanaa za Maonyesho*, kitabu kilichowapa walimu wengi wa shule istilahi za kusemea juu ya ngoma, majigambo na michezo ya watoto kuwa ni sanaa zenye heshima sawa na mchezo wa jukwaani. Kisha pakawa na kimya cha miaka kadhaa, na kimya hicho kina maana, kama tutakavyoona.

Naomba ruhusa ya msomaji nitazame majina ya vitabu hivyo kwa jicho la mwanasarufi. Matatu kati ya matano yana kivumishi cha kumiliki: haki *zetu*, heshima *yangu*, mke *wangu*. La kwanza ni amri kwa watu wengi: *tambueni*. Amri hiyo inamwelekea mtu mwingine, mwenye uwezo wa kutambua au kukataa. Msemaji amesimama mlangoni anabisha. (Haki zenyewe katika mchezo ule si za wanawake peke yao, ila ni za wote wanaoonewa.) La tatu ni tamko la mume. Alitamkaye huweka kituo baada ya neno la kwanza, na jalada halikukiandika kituo hicho, hata mgeni wa lugha aweza kudhani kwamba talaka ndiyo isiyokuwa mke. Msikiaji Mswahili hatatizwi hata kidogo, kwa kuwa sauti ya tamko lile ameisikia upenuni kwa jirani. Mwandishi alitumaini sikio la msomaji. Lakini angalia ni nani asemaye: mwanamke ndiye habari ya kitabu, na mume ndiye mwenye maneno ya jaladani.

Tazama sasa yale yaliyofuata. Mwaka 1982 walitoa *Harakati za Ukombozi*, kazi ya wanawake watatu pamoja, Amandina Lihamba, Muhando na Balisidya. Mwaka huohuo ikatoka *Nguzo Mama*, na mwaka 1984 *Lina Ubani*. Viambishi vya kumiliki vimekwisha. *Nguzo Mama* ni nomino mbili zilizowekwa bega kwa bega pasipo kiunganishi cha -a, nasi hatujui upesi kama ni nguzo iliyo mama wa nguzo nyingine, au mama aliye nguzo. *Lina Ubani* ni gumu zaidi. Kiambishi *li-* hakina nomino ya kukirejea. Hakuna aielewaye maana ila ajuaye methali isemayo kwamba la kuvunda halina ubani. Mwandishi ameikanusha methali kwa kuondoa silabi moja tu, *ha-*, na ndani ya silabi ile iliyoondolewa umo mchezo wote, unaosema juu ya nchi baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 na dhiki iliyofuata. Mimi sijui mfano ulio bora zaidi wa kumwonyesha mwanafunzi nguvu ya ukanushi katika Kiswahili.

Sitaki msomaji adhani kwamba najenga nyumba juu ya majina matano. Katika matini yenyewe mabadiliko yako wazi. Michezo ya awali imejengwa kwa mazungumzo ya watu nyumbani, kwa mfano wa tamthilia za Ulaya tulizofundishwa shuleni. *Nguzo Mama* ina msimulizi, ina nyimbo, na wanawake wake wengi wameitwa kwa hesabu, Bi Pili, Bi Tatu na kuendelea, kama watu wanaosimama badala ya wengine wengi. Wanawake wa kijiji cha Patata wanataka kuisimamisha nguzo, na nguzo haisimami. Mmoja anavutwa na shughuli za kutafuta fedha, mwingine na mume, mwingine na msiba na ugomvi wa urithi. Wako wahakiki waliokiona kitabu hiki kuwa ni cha kukata tamaa. Mimi sikubaliani nao: mwandishi aliyeweza kuzitaja sababu za kuanguka kwa nguzo moja moja, bila kumtupia mwanamume lawama zote wala kumsamehe mwanamke uvivu wake, hakukata tamaa, bali amefanya hesabu.

Wakati hayo yanachapwa, yeye alikuwa amekwisha ondoka mezani. Katika 1982 na 1983 yeye na wenzake wa idara, Lihamba miongoni mwao, walikuwa Malya, wilaya ya Kwimba, wakijaribu namna nyingine ya mchezo. Taratibu yake aliieleza baadaye katika kitabu cha Kiingereza juu ya utamaduni na maendeleo kilichotolewa Uppsala 1991. Wataalamu hawaendi na mchezo uliokwisha andikwa. Hukaa kijijini, huuliza na kusikiliza. Wanakijiji wenyewe huchagua matatizo yanayowakera na kuyachambua. Kisha mchezo hutungwa nao, kwa ngoma na nyimbo na masimulizi yao, huchezwa uwanjani, na baada ya kuchezwa watu hujadiliana papo hapo juu ya lipi litendwe. Mjadala ule si nyongeza. Kwa maoni yake, mchezo usiofuatwa na mjadala haujakwisha.

Kwa namna hiyo Usukuma ulikuwa mahali pema, na pagumu. Pema, kwa kuwa hakuna nchi yenye mashindano ya ngoma makubwa kuliko ile. Bagalu na Bagika hukabiliana msimu wa baada ya mavuno, kila kundi likijaribu kuwavuta watazamaji wa jingine. Bugobogobo huchezwa kwa jembe mkononi. Mtu wa Malya hafundishwi uwanja ni nini. Pagumu, kwa sababu ya lugha. Kisukuma kina irabu saba na toni zenye kubeba maana, nacho ni lugha ya kabila lililo kubwa kuliko yote Tanzania. Kiswahili cha mwandishi kilikuwa lugha ya shule, ya hukumu na ya mkutano wa chama. Katika nyumba ya Msukuma wa wakati ule, na kwa wengi hata sasa, ugomvi wa mahari, wa mimba na wa shamba haukusemwa kwa Kiswahili.

Hapo ndipo penye jambo ambalo sisi wanalugha tumelipita mno. Tumezoea kukisifu Kiswahili kwa kuwaunganisha Watanzania, na sifa hiyo ni ya kweli. Mwandishi huyu mwenyewe aliitetea kazi ya kutunga katika lugha za Kiafrika katika makala yake ya 1990, akijua kwamba atungaye kwa Kiswahili hujinyima wasomaji wa ng'ambo. Lakini kila lugha ya kuunganisha ina watu iliowaacha nje, na katika vijiji vya bara walioachwa nje walikuwa, kwa wingi, wanawake wazee. Mwanamume alijifunza Kiswahili jeshini, migodini Mwadui, mnadani. Mkewe alibaki na lugha ya nyumba. Kumwandikia mwanamke yule kitabu cha kumtetea, kwa lugha isiyo yake na kwa herufi asizozijua, ni kumtetea pasipo yeye kuwapo barazani. Ule mchezo usio na kitabu ulikuwa jibu la tatizo hili, hata kama mwandishi hakuliweka kwa maneno ya isimu.

Wala haikuwa baraza tulivu. Katika miaka hiyohiyo ya mwanzo wa 1980 yalizuka Kahama majeshi ya vijiji yaitwayo Sungusungu, kwa ajili ya kupambana na wezi wa ng'ombe. Nayo yalikuwa mkutano wa wanakijiji wakisemea shida zao wenyewe. Ila ulikuwa mkutano wa wanaume, na vikongwe waliotuhumiwa uchawi ni miongoni mwa waliopatwa na ukali wake. Simon Mesaki, aliyechunguza mauaji ya wazee Usukumani, ameonyesha kwamba waliouawa wengi walikuwa wanawake. Macho mekundu, ambayo moshi wa jikoni wa miaka hamsini unatosha kuyaeleza, yalifanywa ushahidi. Kwa hiyo swali la nani anasema uwanjani, na kwa lugha gani, halikuwa swali la fasihi peke yake.

Mwaka 1996 Mlama na Lihamba walianzisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mradi wa Tuseme, uliowawezesha wasichana wa shule za sekondari kuyataja, kwa maigizo na majadiliano, mambo yanayowazuia kusoma. Jina ni neno moja tu, na msomaji ataniwia radhi nikirudi kwenye sarufi. *Tambueni* ya 1973 ilikuwa amri kwa mwingine. *Tuseme* iko katika dhamira ya kutaka, nafsi ya kwanza wingi: asemaye yumo ndani ya wanaoambiwa. Haimwombi mtu mlango. Kati ya vitenzi hivi viwili iko miaka 23, na Malya iko katikati yake. Mlama alipokwenda Nairobi kuliongoza Baraza la Wanawake Waelimishaji wa Afrika, lililoundwa 1992, mradi huo ulienea katika nchi nyingine za Afrika pamoja na jina lake la Kiswahili. Baadaye alirudi Dar es Salaam na kukikalia kigoda cha Mwalimu Nyerere baada ya Profesa Issa Shivji.

Mambo yanayosemwa katika michezo ya namna hii hayakupungua upande wa ziwa. Uchunguzi wa afya wa taifa wa 2010 uliikuta Shinyanga ikiongoza nchi kwa ndoa za utotoni: wanawake 59 katika kila 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza 18. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa, hali mvulana alitakiwa afikie 18. Rebeca Gyumi aliipinga tofauti hiyo, akashinda katika Mahakama Kuu 2016, na Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu 2019. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wasichana walioacha shule kwa kuzaa waweza kurudi. Msichana apataye mimba nje ya ndoa ndiye habari ya *Hatia*. Kati ya kitabu kile na tangazo lile imepita karibu nusu karne. Tena Geita, tangu mgodi mkubwa ulipofunguliwa 2000, fedha ya wachimbaji imeongeza bei ya kila kitu, na mahari haikusalia nyuma.

Nilipata kuhudhuria, katika wilaya ya Geita, mchezo uliotungwa na wasichana wa shule moja ya sekondari. Walicheza kwa Kiswahili safi cha darasani, na wazazi waliokaa juu ya nyasi walitazama kwa adabu. Ikafika zamu ya msichana aliyeigiza nyanya. Yeye, bila ya kuambiwa na mwalimu, akaliacha daftari na kusema kwa Kisukuma, akimkemea baba wa nyumba kwa ajili ya ng'ombe aliokwisha wapokea. Wazee wanaume walicheka. Kisha mama mmoja wa makamo akasimama kule nyuma, mchezo ungali unaendelea, akamjibu nyanya yule kwa lugha ileile, na mwingine akamjibu yeye. Mwalimu alijaribu kuwanyamazisha ili mchezo umalizike. Wasichana wakakaa chini, wakasikiliza. Mchezo ule haukumalizika siku ile, na daftari lenye sehemu ya mwisho nililichukua mimi. Lina kurasa nne ambazo hazijasemwa na mtu.