Nyumba za Amri

Mwanangu wa kati, ambaye mwaka wa 2025 alikuwa katika Gredi ya 5, alirudi nyumbani siku moja ya Februari na insha ya Kiswahili iliyojaa wino mwekundu. Mada ilikuwa ya kawaida mno: asimulie safari aliyowahi kuifunga. Aya ya kwanza ilimeremeta. Jua lilichomoza kwa madaha, ndege walitumbuiza mitini, naye mwandishi alidamka kabla ya jogoo wa kwanza kuwika. Baada ya hapo safari yenyewe ilikata roho. Tulipanda gari. Tulifika. Tulikula. Tulirudi. Chini ya kazi hiyo mwalimu wake alikuwa ameandika maneno matatu tu: "Hadithi haina mwendo."

Ninakiri kwamba nilikasirika kabla ya kufikiri. Mtoto wa mhadhiri wa isimu aambiwe hajui kusimulia? Nilikuwa nimekwisha kuitunga kichwani barua ya kumjibu mwalimu. Kisha niliisoma insha kwa mara ya pili, nikaona alichokiona mwenzangu. Katika ukurasa mzima hapakuwa na kiambishi -ka- hata kimoja.

Walimu wa Kiswahili wananielewa. Kwa faida ya wanafunzi, niruhusiwe kueleza kidogo. Msimulizi wa Kiswahili hulifungua tukio kwa -li-, kisha humwachia -ka- mzigo wote uliosalia: mzee alitoka, akavuka barabara, akamkuta jirani, akamwuliza habari za mahindi. Kiambishi hiki ndicho kamba inayolifunga tendo kwenye tendo lililolitangulia. William Labov na Joshua Waletzky walipochunguza masimulizi ya watu wa kawaida kule Marekani mwaka wa 1967, walionyesha kwamba uti wa mgongo wa usimulizi ni vishazi vinavyofuatana kwa mpangilio ule ule wa matukio yenyewe. Lugha nyingi huifanya kazi hiyo kwa viunganishi vya kuazima hapa na pale. Kiswahili kimetunukiwa kiambishi mahsusi. Hata hivyo, mtoto hakitoi kiambishi hicho katika kitabu cha sarufi. Hukipata kwa kusimuliwa, usiku baada ya usiku, hadi sikio lake likizoee.

Swali likabaki: ni nani aliyekuwa akimsimulia mwanangu?

Nilinunua daftari la kurasa arobaini, nikalitundika kwa uzi kwenye mlango wa jikoni. Kwa muda wa juma moja nilijaribu kunakili kila kauli ambayo mimi na mama yao tuliwaelekezea watoto wetu watatu, tangu alfajiri hadi taa zinapozimwa. Si utafiti wa kupelekwa kongamanoni. Ni daftari la baba aliyeshikwa na wasiwasi. Matokeo yalinifedhehesha. Amka. Oga. Vaa viatu. Haraka, gari limefika. Umemaliza kazi ya ziada? Kula. Zima runinga. Nyamaza, mama amelala. Lala. Kurasa sita zilijaa, na karibu kila mstari ulikuwa aidha amri au swali la kujibiwa kwa ndiyo au la. Ukiondoa habari za jirani aliyeibiwa mbuzi, hatukuwasimulia chochote. Kauli yenye -nge- ilijitokeza mara moja, nayo ilikuwa tisho: "Ningekuwa baba yangu, ungekiona cha mtema kuni."

Msomaji asidhani kwamba nyumba yetu haina mapenzi. Ina uchovu. Ninafundisha nje ya jiji, upande wa Kesses. Mwenzangu ni muuguzi, na zamu zake za usiku hazijali kwamba kesho ni siku ya shule. Eldoret nayo imepanuka. Mji huu ulianza na ofisi ya posta katika shamba namba 64, ndiyo sababu wako wazee ambao bado huuita Sisibo. Mnamo Agosti 2024 ukatawazwa kuwa jiji. Msongamano wa barabara ya Uganda, ambamo malori ya kuelekea Malaba hushindana na matatu zetu, haukungoja hati ya kutawazwa. Januari huwa ni karo, sare na vitabu. Machi na Aprili ni mbegu na mbolea, kwa kuwa tuna ekari chache za mahindi kwa mama mkwe huko Moiben, na mvua haingoji mtu asahihishe mitihani. Mwaka huo kifunguamimba wetu alikuwa katika Gredi ya 9, kundi la kwanza kabisa la Mtaala wa Umilisi kufanya mtihani wa kitaifa wa kumaliza Sekondari ya Msingi, na hapakuwa na kaka wala dada wa kumwuliza mtihani wenyewe ukoje. Kitindamimba alikuwa chekechea. Kila mmoja alikuwa na saa yake ya kuamka, na gari lake, na njaa yake.

Miaka ya nyuma nilizoea kuwatajia wanafunzi wangu kitabu cha Betty Hart na Todd Risley cha mwaka wa 1995. Wataalamu hao walizifuatilia familia 42 huko Kansas, wakakadiria kwamba mtoto wa wazazi wenye taaluma, afikapo umri wa miaka mitatu, huwa amesikia maneno milioni 30 zaidi ya mtoto wa familia inayoishi kwa msaada wa serikali. Makadirio hayo yamekosolewa vikali. Mwaka wa 2018 Douglas Sperry na wenzake walionyesha kwamba pengo hilo halikujitokeza katika jamii walizozichunguza wao, hasa ukihesabu pia maneno ambayo mtoto huyasikia yakizungumzwa kandokando yake na ndugu, majirani na bibi. Nilikuwa nikiufundisha mjadala huu kwa utulivu mkubwa, kama mtu anayesimulia mafuriko ya nchi ya mbali. Daftari la mlangoni lilinionyesha kwamba nyumba yenye shahada ya uzamifu ukutani yaweza kuwa ndiyo nyumba maskini.

Mtu mmoja tu katika daftari hilo alizungumza na watoto kwa sentensi ndefu, naye ni msaidizi wetu wa nyumbani, binti kutoka Busia. Akimenya viazi alimweleza kitindamimba jinsi nyanya yake alivyomfukuza fisi kwa mwiko. Huyo ndiye mwalimu wa lugha tuliyekuwa naye, na mshahara wake, naona haya kusema, si wa mwalimu.

Likizo ya Agosti iliwapeleka watoto wawili wadogo Moiben kwa majuma mawili. Hapa sina budi kulisimulia jambo ambalo ningependa kulificha. Mimi ni Mluhya wa Vihiga, mwenzangu ni Mnandi. Tulipooana tulikubaliana kwamba Kiswahili kiwe lugha ya nyumba, ili asiwepo wa kuonea wala wa kuonewa. Waliokaa Eldoret mwanzoni mwa mwaka wa 2008 watafahamu kwa nini uamuzi huo ulituonekania wa busara. Watoto wetu kwa hiyo wana Kiswahili, wana Kiingereza cha shuleni, na katika Kinandi wana salamu na neno Kogo, yaani nyanya. Kogo naye ana Kiswahili cha sokoni: bei, kilo, asante, kesho.

Kogo ana ugonjwa wa sukari. Alasiri moja, mwana wa kati akiwa peke yake naye nyumbani, sukari ilimshuka. Alimwita mjukuu wake akamwambia jambo. Akalirudia. Mtu aliyelemewa huishikilia lugha aliyonyonya, na kile Kiswahili kidogo cha Kogo kilikuwa kimekwisha kumtoka. Alikuwa akimwagiza mtoto akamwite jirani, ukuta wa tatu kutoka pale. Mtoto alielewa kwamba anataka kulala. Alimfunika blanketi, kwa upole kabisa, akarudi kuchezea mpira shambani. Jirani mwenyewe ndiye aliyekuja kwa bahati kurudisha jembe, akamkuta Kogo jasho linamtiririka na maneno hayatoki sawasawa, akamnywesha chai yenye sukari tele na kumtafuta mwenye gari. Alipona. Sitaki kulirefusha.

Wenzangu watasema, na ni kweli, kwamba sera imekwisha kuandikwa. Ripoti ya Gachathi ya mwaka wa 1976 ilipendekeza mtoto afunzwe kwa lugha ya eneo la shule katika madarasa matatu ya kwanza. Ripoti ya Mackay ya 1981 ilikipandisha Kiswahili hadhi, na mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985 kikawa somo la lazima lenye mtihani. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inaitaka serikali ikuze lugha za kiasili. Nimeyafundisha hayo kwa miaka, na ninaweza kuyakariri hata usingizini. Hakuna kifungu kinachoweza kuingia jikoni kwangu saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Tena walimu hutwikwa lawama isiyo yao. Ni kweli kwamba baadhi yao huwakaririsha watoto yale mapambo ya jua na ndege, na laiti wangeyapunguza. Lakini mapambo hufundishika darasani kwa dakika kumi. Mwendo wa hadithi haufundishiki hivyo, na mwalimu mwenye wanafunzi sitini hawezi kumpakata kila mmoja wao usiku.

Kisha likaja jambo ambalo hatukulitarajia. Septemba 17, 2025, wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma tuligoma, na mgomo huo ulidumu siku 49, hadi Novemba 5. Sipendi kuusifu mgomo. Wanafunzi wetu walipoteza muda ambao hawataurudishiwa, na wengi wao ni watoto wa wakulima waliouza ng'ombe ili wasome. Ila nyumbani kwangu baba alipatikana. Nilianza kuwasindikiza watoto hadi kituoni kwa miguu, na njia ile ina urefu wa hadithi moja fupi. Jioni nilipika. Umeme ukikatika, na mvua za msimu ule ziliukata mara nyingi, hapakuwa na runinga wala simu yenye chaji, tukabaki na mshumaa na vitendawili. Nilizisimulia hadithi za Vihiga nilizozisikia kwa marehemu mama, nikagundua kwa aibu kwamba nimesahau miisho. Kitindamimba aliitunga miisho hiyo mwenyewe, na yote ilihusu fisi na mwiko. Kifunguamimba, aliyekuwa na mtihani mlangoni, alijifanya anadurusu, huku hageuzi ukurasa.

Mama yao naye alianza, bila kushauriana na mtu, kuwasemesha Kinandi siku zake za mapumziko. Wa kati ndiye aliyekuwa mgumu. Alisikiliza, hakusema.

Desemba tulikwenda sote Moiben kupukuchua mahindi. Kifunguamimba alikuwa amekwisha kupata matokeo yake, anangoja Januari aende Sekondari Pevu, na nilijua kwamba huo ulikuwa mwaka wa mwisho wa sisi watano kuishi chini ya paa moja kila siku. Siku ya pili mwana wa kati alimwendea Kogo na daftari, akamwomba kupitia kwa mama yake amtamkie lile neno alilomwambia Agosti. Kogo alilitamka. Mtoto aliliandika kama alivyolisikia. Akamwomba jingine. Tangu hapo kila asubuhi Kogo humhoji kabla ya kumpa chai, akiwa hatujamtuma mtu yeyote. Sasa wanafanya hivyo kwa simu siku za Jumapili, na nyanya huyo ni mtahini asiye na huruma.

Usiku mmoja kabla hatujarudi mjini, tukiwa tumeuzunguka moto, binamu zake walimwuliza ilikuwaje siku ile. Hatukuwahi kumtaka aieleze, na mama yake alinyanyua mkono kutaka kumzuia. Alisimulia. "Kogo aliniita," akaanza, "nikaenda. Akaniambia kitu, nikasema ndiyo. Akakirudia, nikasema ndiyo tena. Akafunga macho. Nikamfunika blanketi, nikatoka, nikaenda kucheza."

Masikio yangu ya kazi yalivihesabu viambishi kabla sijasikia alichokuwa akikisema. Kogo, ambaye hakuelewa hata sentensi moja, alikuwa amemtazama usoni muda wote. Akamsogezea gunzi lenye mbegu zilizobaki, wakaendelea kupukuchua.