Hukumu ya Kutibu kwa Leza Jicho Lisiloona Mbali

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad (S.A.W.). Ama baada ya hayo, tumeulizwa: asiyeona mbali bila miwani, akitibiwa jicho kwa leza, je, amebadili maumbile ya Allah?

Jibu letu ni kuwa hakubadili. Lililokatazwa ni kugeuza umbile lililo sawa kwa ajili ya pambo. Ama kuondoa kasoro ni tiba. Sahaba Arfaja bin As'ad (R.A.) alipoteza pua vitani Kulab, akaweka ya fedha, ikanuka. Mtume (S.A.W.) akamwamuru aweke ya dhahabu, ingawa dhahabu ni haramu kwa wanaume. Wamepokea Abu Daud na Tirmidhi.

Lakini lililo halali si lazima litendwe. Leza hupunguza konea, ngozi angavu ya mbele ya jicho, na kilichopunguzwa hakirudi. Wengine hubakiwa na ukavu wa macho, au huona taa za usiku zikitawanya miale. Na maadamu miwani inatosha, hapana dharura. Basi vipimo ndivyo viamue: umri usipungue miaka 18, namba ya miwani iwe imetulia, konea iwe nene. Daktari mwaminifu akikataza, kung'ang'ania ni kujidhuru, na kujidhuru ni haramu.

Akishatibiwa akazuiwa maji machoni, ataosha palipo salama na kutayamamu kwa palipozuiwa, kama wasemavyo Mashafii.

Wallahu a'alam.