Anayebisha Hodi Si Wewe

"Fundi, folda naifungua mwenyewe, mbona programu haishuki?" Swali hili nimeulizwa tena wiki iliyopita, nikiwa bandarini Wete nangojea mashua ya kurudi Fundo. Kijana alinionyesha kwenye simu picha ya kioo cha kompyuta ya ofisini kwao: kifurushi cha App-V, mfumo wa Microsoft wa kushusha programu kutoka folda ya seva, kimegoma, chini yake ujumbe wa kukosa ruhusa.

Nasema kwa mara ya mwisho: kuifungua folda kwa mkono wako hakuthibitishi kitu. Wewe umeingia kwa jina lako. Kifurushi huchukuliwa na huduma ya Windows inayofanya kazi kimya kimya, nayo ikifika kwenye seva hujitambulisha kwa jina la kompyuta, lile linaloishia na alama ya dola, mfano OFISI07$. Ni kama kumtuma mtoto Fundo akuchukulie mzigo kwa mjomba wako. Mjomba anakujua wewe, mtoto hamjui. Wewe kubaki Wete ukisema "mimi hufunguliwa kila siku" hakumfai mtoto aliyesimama mlangoni.

Sasa dawa yenyewe wanayouziana watu: "Mpe Everyone ruhusa zote, itakubali." Na mara nyingi hukubali kweli, ndiyo maana haifi. Hukubali kwa sababu akaunti za kompyuta za domeni nazo zimo ndani ya Everyone. Kilichohitajika kilikuwa ruhusa ya kusoma tu, kwa kompyuta na watumiaji wa programu. Wewe umempa kila mwenye akaunti, pamoja na yule aliyechomeka flashi yenye virusi asubuhi, uwezo wa kuandika, kufuta na kubadilisha kifurushi ambacho mashine zote zitakwenda kukichukua. Sumu ikitiwa kisimani hainywewi na mmoja. Na kama kompyuta haijaunganishwa na domeni, hata dawa hiyo haifanyi kazi, kwani haina jina ambalo seva inalitambua: tangu Windows XP, asiyejitambulisha hahesabiwi ndani ya Everyone. Umevunja mlango na mgeni wako bado yuko nje.

Wapo wanaoongeza la pili: kuwasha SMB1, itifaki kongwe ya kushirikisha mafaili. Tarehe 12 Mei 2017 virusi vya WannaCry vilipita katika tundu la SMB1 vikafunga kompyuta za hospitali Uingereza, na kusambaa katika nchi zaidi ya 150. Kiraka cha tundu hilo kilikuwa kimetolewa tangu Machi. Anayeiwasha leo ili programu moja ishuke anacheza na kazi za watu.

Fanya hivi. Ijaribu folda kwa jina la kompyuta, si lako: pakua PsExec, fungua dirisha la amri kwa swichi ya -s, kisha orodhesha folda. Ikikataa hapo, umeupata ugonjwa. Wape Domain Computers ruhusa ya kusoma, na watumiaji wa programu vilevile, kwenye milango yote miwili: ruhusa za kushirikisha na ruhusa za NTFS, kwani ulio mwembamba ndio unaoamua. Njia iandike kwa jina la seva. Herufi Z: uliyojiwekea huduma haiioni. Ukiiingiza kompyuta kwenye kundi jipya, izime na kuiwasha. Hakikisha bandari 445 iko wazi kati ya mashine na seva.

Na tazama saa. Kwetu umeme hukatika, na betri ndogo ya CR2032 inayotunza saa ya kompyuta ikifa, kompyuta huamka ikidhani ni mwaka mwingine. Kerberos, mfumo wa domeni wa kuthibitisha utambulisho, kwa kawaida huvumilia tofauti ya dakika 5 tu. Ikizidi hapo, ruhusa zako zote ni bure.

Kijana wa Wete alinipigia jioni: kusoma kumetosha, programu imeshuka. Nikamwambia asilale kabla hajaiondoa Everyone aliyoiweka mchana.