Kusamehe ni kwa moyo, kusinye ni kwa sheria

Mie ni mwana wa agronomia, si avoka. Ninachojua vizuri ni udongo, mbolea na mahindi. Lakini kuna jambo moja la sheria nililojifunza kwa uchungu, na naona wengi wetu, hata wenye lisansi mu mfuko, hatulijui: mtu akigongwa na shofere mulevi, ana haki gani, na afanye nini kwanza?

Nianze na yaliyotupata. Jumamosi moja usiku, hapa Lubumbashi, mdogo wangu alikuwa anatoka ku campus ya Kasapa. Alikuwa na miaka 22. Alipanda pikipiki kama siku zote. Pikapu moja ya kazi ikaacha upande wake na kuwagonga. Shofere alishuka akiyumba, ananuka pombe, na kila mtu aliyekuwa pale aliona. Motari alitoka na michubuko tu. Mdogo wangu alivunjika mguu mara mbili chini ya goti.

Siku ya tatu, familia ya shofere ikaja mu chumba cha hospitali. Walileta matunda, walipiga magoti, mama yao mzee akalia. Wakatoa dola 250 na karatasi iliyokuwa imeandikwa tayari. "Papa, tuko bandugu. Tusipelekane ku polisi. Musinye tu hapa, mambo iishe." Baba yangu ni mtu wa kanisa. Akasinye. Polisi nao waliposikia kama tumesikilizana, hawakuandika kitu.

Miezi minne ikapita, mfupa haukushikana. Daktari akasema lazima operasyo ya pili, dola 1.800. Tukampigia shofere simu, hakushika tena. Na ile karatasi ilisema familia haitadai kitu kingine chochote. Baba akauza kiwanja chake cha barabara ya Kipushi.

Tulipofika kwa avoka, mwaka mmoja na miezi miwili ulikuwa umepita. Alisoma ile karatasi, akatuangalia, akauliza: "Mulikuwa wapi siku zote hizi?" Yale aliyotueleza siku ile njo ninawaandikia hapa.

Ajali moja, kesi mbili

Watu wengi wanafikiri ajali ni kesi moja. Hapana, ziko mbili zinazotembea pamoja.

Ya kwanza ni ya serikali na yule aliyekosa. Kujeruhi mtu bila kukusudia ni kosa mu Code pénal yetu, livre II. Kifungu cha 52 kinaeleza kosa lenyewe. Cha 54 kinatoa azabu kwa aliyejeruhi: siku 8 mpaka mwaka 1 wa kifungo, pamoja na faini ao moja ya hizo mbili. Mtu akikufa, ni kifungu cha 53: miezi 3 mpaka miaka 2, pamoja na faini. Kusema "sikukusudia, ilikuwa pombe" hakuondoi kosa. Kosa lenyewe ni kukosa uangalifu, na mwenye kushika usukani akiwa amelewa amekosa uangalifu tangu alipowasha gari.

Ya pili ni yako na yeye: malipo ya hasara. Code civil, livre III, kifungu cha 258, inasema kwa kifupi kama mtu akimletea mwenzake hasara kwa kosa lake, lazima airudishe. Cha 259 kinaongeza uzembe. Na cha 260, ambacho sisi hatukukijua, kinasema mtu anajibu pia kwa ajili ya wale anaowatuma. Kwa hiyo shofere akiwa mu kazi ya bosi wake, bosi pia anaweza kuitwa kulipa. Sisi hatukuuliza hata siku moja ile pikapu ni ya nani. Tulikuwa tunamwangalia shofere, ambaye mu mfuko hana kitu.

Mwaka moja tu

Mkulima wa huku anajua kama mahindi yana tarehe yake. Mvua ikishashika mu Novemba na Desemba, unapanda. Ukingoja mpaka Februari, udongo ni ule ule, mbegu ni ile ile, lakini hautavuna. Sheria nayo ina majira yake.

Code pénal, livre I, kifungu cha 24, inasema kosa ambalo kifungo chake hakipite mwaka 1, serikali inapoteza haki ya kulifuata mwaka 1 ukiisha. Ukisoma tena kifungu cha 54 utaona: kujeruhi bila kukusudia kunaingia mule. Polisi ao parquet wakishafanya kazi ya kuchunguza ndani ya ule mwaka, hesabu inakatika na kuanza upya. Kwetu hakuna aliyeandika hata mstari moja, kwa hiyo mlango wa kwanza ulifungwa wenyewe. Kwa kifo muda ni miaka 3.

Kesi ya malipo, ile ya civil, ina muda mrefu zaidi. Lakini bila PV, bila mashahidi, bila kipimo cha pombe, unaingia mule kama mtu anayetafuta njia usiku bila tochi.

Ile karatasi ya hospitali

Mapatano kati ya watu yanaruhusiwa na sheria. Kwa Kifaransa yanaitwa "transaction", na yakishaandikwa na kutiwa sahihi yanafunga kesi ya malipo karibu sawa na hukumu. Hayafungi kesi ya serikali. Parquet inaweza kuendelea hata kama nyinyi mumeshikana mikono. Kwa hiyo mtu akikuambia "mukishasinye, hata polisi hana tena neno", si kweli.

Mambo mawili ya kushika hapa. La kwanza: mtu mwenye kutimiza miaka 18 anajisemea mwenyewe. Baba, kaka ao mjomba hawezi kusinye pa nafasi yake bila yeye kumpa ruhusa, ile "procuration". Mdogo wangu alikuwa kitandani, ana akili zake zote, na hakuna aliyemuuliza. Mlango huo mdogo njo avoka aliupata: sahihi ni ya baba, haiko ya aliyeumia. Kwa sababu hiyo kesi ya civil imefunguliwa, na mpaka leo bado inaendelea.

La pili: hauko lazima ukatae makuta. Mgonjwa anahitaji dawa leo. Pokea, lakini muandike kama ni msaada wa matunzo ya kwanza, na kama haki zako zingine zote zinabaki. Ukiona neno "pour solde de tout compte", ao "sitadai tena", usisinye mpaka daktari amesema ugonjwa umefika wapi na avoka amesoma. Mfupa hauonyeshi siku ya tatu utapona namna gani.

Ufanye nini, kwa mpangilio

Siku ya ajali, mtu moja wa kwenu aache kulia, achukue simu. Apige picha ya plaki, ya gari pale iliposimama, ya barabara, na ya karatasi ya asiransi kwenye kioo. Aandike majina na nambari za simu za watu wawili ao watatu walioona. Hospitali kwanza, ndiyo, lakini hiyo kazi inachukua dakika kumi tu.

Alafu polisi ya barabarani, ile PCR, iitwe kufanya "constat" na kuandika PV. Kama shofere anaonekana amelewa, sema wazi mbele ya OPJ na uombe iandikwe mule: namna alivyotembea, alivyosema, arufu yake, na alitoka ku nganda gani kama inajulikana. Omba pia OPJ atoe "réquisition" ili daktari ampime siku ile ile. Damu haingoje. Kesho asubuhi pombe imeshatoka, na shofere atakuja na shati safi kusema breki zilikatika.

Kwa mgonjwa wako, omba tena "réquisition" ili daktari aandike sertifika ya majeraha: ni gani, siku ngapi bila kufanya kazi, kama kutabaki kilema. Shika fakture zote, risiti za farmasi, hata za taksi. Juji anaweza kukadiria mwenyewe pale karatasi inapokosekana, lakini anayekadiria bila karatasi anakadiria kidogo.

Asiransi ya gari ni ya lazima mu Kongo tangu ordonnance-loi ya tarehe 5 Januari 1973, na shabaha yake ni kulinda wewe uliyegongwa. Zamani kulikuwa SONAS peke yake. Sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungulia makampuni mengine, kwa hiyo soma jina kwenye ile karatasi na uwaandikie barua, na kopi yako ipigwe muhuri kama wameipokea. Wakikataa, wakatae kwa maandishi.

Polisi wakikulazimisha kusikilizana, kumbuka OPJ hana haki ya kukulazimisha. Unaweza kupeleka malalamiko moja kwa moja ku parquet. Na parquet ikilala, wewe mwenyewe unaweza kumwita shofere mbele ya tribunal de paix kwa njia ya "citation directe". Tribunal de paix njo inahukumu makosa ambayo kifungo chake hakipite miaka 5.

Kesi ikiwa mbele ya juji, usikae nyuma kama shahidi. Sema unataka kuwa "partie civile", ku greffe ao mu kikao chenyewe, mbele mazungumzo hayajafungwa. Bila hiyo, shofere anaweza kuhukumiwa na wewe ukarudi nyumbani bila franga moja, juu haukuomba.

Utasema: avoka ni wa matajiri. Barreau iko na ofisi ya kusikiliza watu bila malipo, inaitwa "bureau de consultations gratuites". Na mwenye kukosa kabisa anaweza kuomba "certificat d'indigence" ili asilipe gharama za tribunali. Muombe. Haiko haya.

Neno la ukweli pia: juji ataangalia na wewe. Ulipanda pikipiki watu watatu, bila kofia? Kosa linaweza kugawanywa, na malipo yakapunguzwa.

Mdogo wangu leo anatembea na fimbo. Alirudi ku campus, mwaka moja nyuma ya wenzake. Shofere bado anaendesha, nilimwona mimi mwenyewe mu Kampemba. Baba hapendi tuongee juu ya ile karatasi. Nilimwambia kama kumsamehe yule mtu hakukuwa kosa, na naamini hivyo. Angeweza kumsamehe kwa moyo wote, aombe naye, akule matunda yake, na ile karatasi aiache pale kwenye meza bila sahihi.

Kwa hiyo, wewe unayesoma, uko "mutu wa masomo" mu familia yenu. Siku hiyo ikifika, watakupa wewe ile karatasi usome. Soma mpaka mwisho. Alafu umuulize kwanza yule aliye kitandani.